Mpakiaji wa Maskati anayepiga hodi kuomba karatasi za chokoleti

Saa mbili asubuhi, mtaa wa Madinat Sultan Qaboos, na Marhoon amesimama katikati ya jiko la watu. Wenzake wameanza na makochi na vitanda, kwa sababu ndivyo vinavyoonekana. Yeye huanza na makabati ya jikoni. Anafungua moja, anaingiza kichwa na bega, anapapasa mpaka nyuma kabisa.

Ni Ramadhani. Mdomo mkavu, shati limeshalowa. Mkono unatoka na kopo la dengu, unarudi. Unatoka na pakiti ya tambi, unarudi. Halafu unatoka na kikombe kidogo cha plastiki, chekundu, umbo la kofia ngumu, kile cha kulia aiskrimu. Ubavuni kina nembo ya timu.

"Huyo hapo!" anapiga kelele, kama mtu aliyemwona ndugu yake anatoka uwanja wa ndege.

Yaqoob, mwenzake wa kazi, anapita na godoro kichwani. Watu wa Yaqoob ni Waarabu wa Tabora, na Kiswahili chake mpaka leo ni cha bara. "Kaka, umefunga wewe? Mbona unashangilia kikombe?"

"We beba godoro lako."

"Nabeba. Na wewe beba takataka zako."

Marhoon hakitii mfukoni. Anakwenda nacho mpaka sebuleni kwa mwenye nyumba, anakionyesha, anauliza. Kwenye kazi ya kuhamisha watu, ukishikwa na kijiko tu umekwisha. Mwenye nyumba anakitazama, anacheka, anamwambia chukua.

Siku nyingine angeimba mpaka adhuhuri. Leo hapana. Leo ana watu tisa wanaomuumiza kichwa. Walikuwa kwenye friji nyumbani kwake Ansab, wamelala pamoja, na sasa mmoja hajarudi.

Watu hao ni wachezaji wa besiboli. Na ni chokoleti.

Besiboli, kwa asiyeijua, ni mchezo wa Wamarekani. Mmoja anarusha kijipira, mwingine anakipiga kwa gongo, na nyuma ya mpigaji kuna mtu kachuchumaa, kavaa chuma usoni, anadaka kinachopita. Huyo ndiye mdakaji. Timu inayolinda uwanja ina watu tisa.

Marhoon hajaiona hata mara moja kwa macho yake, ila kwenye simu. Hajui kuipenda timu. Anachokipenda ni kile kilichobaki jikoni baada ya mchezo: chokoleti yenye sura ya mchezaji, kopo la supu lenye mpigaji anacheka, chupa ya haradali, mkebe wa bisi, boksi la konfleksi lenye picha ya kukata kwa mkasi. Vyote ameviokota kwenye kazi, miaka kumi na kitu, nyuma ya makabati ya watu wanaorudi kwao.

"Kombe halinipi raha," anasema. "Kombe limetengenezwa liwekwe. Hivi vilitengenezwa viliwe, vitupwe. Kikipona kimoja, kimepona kwa bahati yake tu. Mtu akihama anabeba dhahabu, anabeba zulia. Cha nyuma ya kabati nani anakikumbuka?"

Mshahara wake ni riali mia nne na kidogo. Kazini wanamwita Mzee wa Pipi, na mzee mwenyewe hajafika hata arubaini na tano. Mkewe, Wijdan, anafanya kazi zahanati, na amekubali mambo yote isipokuwa moja: chupa ya haradali isikae chumbani.

Wale tisa walikuja miaka sita iliyopita, kutoka vila moja ya huko huko Madinat Sultan Qaboos. Mwenye nyumba alikuwa bibi wa Kimarekani, mwalimu, amezeekea Maskati. Mumewe alikuwa ameshafariki. Watu wanapakia, yeye amekaa juu ya katoni na boksi dogo mapajani, halitii kwenye lori wala halitii kwenye pipa la taka.

Marhoon akamuuliza kwa Kiingereza chake cha kuungaunga: hili linakwenda au linabaki?

Akalifungua. Ndani chokoleti tisa, kila moja na mtu wake juu ya karatasi. Zamani kulikuwa na kiwanda kidogo cha peremende kwenye mji wao, mji ambao hata Wamarekani wenzake hawaujui. Mwaka mmoja kiwanda kikatengeneza chokoleti za timu ya mji. Miaka mingi baadaye, kabla hakijafungwa, kikazitoa tena mara ya mwisho, za ukumbusho, na hizo ndizo zilizomfikia. Bibi akaweka kidole juu ya mdakaji, kijana kajaa mashavu, kasukuma kinga yake ya chuma mpaka juu ya kipaji. "Huyu," akasema, "ni mume wangu."

Siwezi kumbeba, akasema. Na siwezi kumtupa.

"Akanipa," anasema Marhoon. "Akaniambia neno moja tu: wasitengane. Nikamwambia wallahi hawatengani. Nikaapa, na sikuulizwa kiapo."

Tangu siku hiyo adui wake alikuwa joto. Chokoleti na Maskati haviivi chungu kimoja. Ikifika Juni, gari likisimama juani dakika tu, usukani haushikiki. Marhoon alinunua friji ndogo ya mtumba kule Hamriya, akaiweka chumba cha juu, akawalaza humo. Umeme ukikatika, anaamka yeye kwanza, watoto baadaye. Alipigana vita na joto, akapigana vita na sisimizi. Hakujua kwamba hatari inakaa chini, imevaa kanga, inasoma tasbihi.

Mwaka jana friji ndogo ikafa. Fundi akaitazama, akaifunga tena, akaondoka bila kuomba hata pesa. Marhoon akawahamishia wale tisa kwenye friji ya mamaake, Bi Mwanamize, droo ya chini, chini ya bamia. Na akamwambia, kwa maneno haya haya: "Mama, chokoleti hizi usizile."

Kisha mambo yakaanza kumnyookea. Jamaa mmoja anaitwa Hisham, ambaye yeye hukusanya vyetezo na sarafu za zamani, anaandaa maonyesho ya wakusanyaji baada ya Idi, kwenye ukumbi. Akampa Marhoon meza. Sharti lake moja, na analo kwa watu wote: "Seti pungufu haipandi mezani kwangu. Ulete wote tisa, au ulete kitu kingine."

Marhoon akamwandikia yule bibi Marekani. Atawaweka mezani wote, atapiga picha, atamtumia. Bibi akajibu siku ile ile. Ana miaka themanini na saba sasa, na amesema anasubiri picha.

Halafu ikaingia Qaranqashuh.

Kila mwaka, Ramadhani ikifika nusu, watoto wa Oman hupita nyumba kwa nyumba baada ya magharibi, wamevaa nguo za sikukuu, wanagonganisha magamba ya bahari, wanaimba waombe peremende. Kila nyumba inajiandaa. Bi Mwanamize alijiandaa tangu asubuhi: karanga, tofi, jojo, kila mtoto na kifuko chake.

Mwaka huu watoto walikuwa wengi. Ansab inajengwa kila siku, na kila nyumba mpya ina watoto wake. Mifuko ikaisha. Marhoon alikuwa msikitini. Likatokea kundi la mwisho mlangoni.

Asubuhi yake Marhoon alifungua friji, akaona bamia zimelala chini kabisa, bapa.

"Mama, boksi langu liko wapi?"

"Boksi gani?"

"La chokoleti!"

"Aa, lile. Nshawapa watoto."

"Mama! Si nilikwambia usizile?"

"Nimekula mie?" Bi Mwanamize alikuwa anachambua mchele, na hakuacha kuchambua. "Nna sukari, nile chokoleti nife? Umesema nisile, sikula. Hukusema nisigawe."

Marhoon akakaa sakafuni. Bi Mwanamize akaogopa, akakimbilia tende na maji, akafika nusu ya jiko ndipo akakumbuka mwanawe kafunga.

Leo ukimuuliza hajuti, na hasemi anajuta. "Mlango wangu haujamrudisha mtoto mkono mtupu tangu Unguja," anasema. "Tulitoka kule na nguo za mwilini, tukafika hapa tukapokewa. Nimsimamishe mtoto mlangoni, nimwambie sina, na chokoleti ninayo kwenye friji? Kwa ajili ya picha ya kafiri kachuchumaa?"

"Mama, huyo ni mume wa mtu."

"Basi na akae na mkewe. Kwenye bamia zangu alikuwa anatafuta nini?"

Kitu cha kwanza kilichomwingia Marhoon ni hofu kwa ajili ya watoto. Chokoleti zile ni za miaka mingi. Akatoka mbio mlango hadi mlango kuuliza: mtoto mzima? Tumbo haliumi? Hakuna aliyeumwa. Wengi walionja, wakatema. Mama mmoja alimwambia kwamba mwanawe kasema ina ladha ya kabati.

Hapo ndipo akili ikamrudia. Chokoleti zimekwenda, khalas. Lakini wale watu hawakuwa ndani ya chokoleti. Walikuwa juu ya karatasi. Na takataka za mtaa mzima zingechukuliwa kesho yake.

Mama alipomwona anavaa kofia kutoka tena, akajua. "Unakwenda kudai sadaka? Nilichotoa mimi kwa mkono wangu wa kulia ukakirudishe? Utantia aibu mtaa mzima!"

"Sidai, mama. Nnaomba."

"Jitu zima lina ndevu, linaomba karatasi za pipi!"

"Naam. Na nitaomba."

Huyo ndiye Marhoon. Kazini wanajua: kabati likikataa kupita mlangoni, wengine wanaleta shoka, yeye anakaa analizungusha mpaka lipite. Lakini maneno ya mama yalimchoma. Basi akapita dukani kwanza, akanunua peremende nzuri, mpya, akazifunga mifuko kama ya mamaake. Alipoanza kupiga hodi alasiri ile hakwenda mkono mtupu. Anatoa mfuko, anaomba karatasi tu.

Watoto walipoelewa, ikawa sherehe. Walichukua magamba yao wakaanza kumfuata, wanagonga, wanaimba, wanamcheka.

"Ammi Marhoon anafanya Qaranqashuh!"

"Ammi, umechelewa, ilikuwa jana!"

"Mpeni tofi, masikini, mpeni!"

Umri wake ulizidi wa watatu wao wakijumlishwa, na alikwenda nao nyumba kwa nyumba. Mrushaji alipatikana amekunjwa mashua. Mwingine alikuwa ameshatiwa chini ya mguu wa meza isiyumbe. Mwingine aliokotwa pipani, na Marhoon aliingia pipani mwenyewe. Kijana mmoja, Loai, alijua ameshika mali; akasema yeye karatasi yake ni mifuko miwili, na mmoja uwe wa chokoleti tupu. Akapewa.

"Nikamwambia wewe utakuwa tajiri," anasema Marhoon. "Akaniambia, inshallah, na wewe je?"

Kwa siku tatu akawa anatoka kazini, anavua buti, anaingia mitaani mpaka adhana ya magharibi. Usiku Wijdan akawapiga pasi juu ya kitambaa, ya moto mdogo, mmoja mmoja, na kila mmoja alipokunjuka akamsoma jina kwenye karatasi kama anaita watoto kula. Nane wakanyooka.

Mdakaji hayumo.

Ni watoto wenyewe waliomwambia. Mdakaji yuko kwa Ibtihal, binti wa Bader, fundi wa kuchomelea. Tena mzima. Hajafunguliwa.

Jana ndipo alipokwenda. Bader alikuwa amerudi kutoka karakana yake iliyoko Ghala, eneo la viwanda la Maskati, mikono bado na masizi. Akamkaribisha ndani, akamwita binti yake. Ibtihal ana miaka saba na meno mawili ya mbele hana. Akaja, kitu kaficha nyuma ya mgongo.

"Mpe Ammi Marhoon chokoleti yake," Bader akasema.

"Si yake. Nimepewa na Bibi Mwanamize."

"Mbona hukuila?" Marhoon akauliza.

"Haliwi. Huyu baba."

Akaitoa, akaionyesha kwa mbali, ameishika kwa mikono miwili. Kijana kajaa mashavu, kinga ya chuma imesukumwa juu ya kipaji. Marhoon akamtazama Bader aliyekaa pembeni yake. Mashavu yale yale. Na Bader kila siku akitoka kuchomelea, akitaka kusema na mtu, husukuma kinga yake ya uso vile vile.

"Huyo si baba, mwanangu. Huyo anadaka mpira. Kavaa kile chuma asiumie."

"Na baba anavaa asiumie."

"Huyu yuko Marekani."

"Baba yuko Ghala," Ibtihal akasema, kana kwamba hilo linamaliza maneno. Marhoon akatoa mfuko. Akatoa wa pili. Akamwambia atamnunulia katoni nzima, achague mwenyewe dukani. Ibtihal alitazama mifuko, akameza mate, akarudisha mikono nyuma.

"Kitu ukishampa mtu ni chake," akasema. "Bibi Mwanamize ndivyo alivyosema."

Hapo Bader akamsindikiza Marhoon mpaka nje, akashusha sauti. "Yakhi, usijisumbue na mtoto. Akilala nitamchukulia. Asubuhi nitamwambia panya."

Marhoon alisimama pale mlangoni. Usiku ule ule angekuwa na wote tisa. Zaidi ya hapo: angekuwa na mmoja mzima, na chokoleti yake ndani, na nane za karatasi. Hisham angefurahi. Bibi angeipata picha yake. Mtoto angelia siku moja, akasahau.

"La," akamwambia Bader. "Usimchukulie."

"Si ulikuwa unakitaka?"

"Nnakitaka. Lakini usimchukulie akilala."

Ukimuuliza kwa nini, hakupi hotuba. Anakuna ndevu. "Mamaangu na babaangu kule Unguja waliamka siku moja vitu vyao si vyao tena," anasema. "Mimi kazi yangu kufunga vitu vya watu vifike. Nikaanze kumwibia mtoto wa Bader?"

Leo, saa sita na nusu, vila imekwisha. Lori limejaa, kamba zimekazwa. Marhoon amekaa kwenye kivuli cha lori, kikombe chekundu kwenye goti, anampigia Hisham. Ameweka spika, kwa sababu simu yake sikio limekufa, na Yaqoob anasikiliza bila aibu.

"Wamefika wote?" Hisham anauliza.

"Nane wako kwangu. Wa tisa ana mwenyewe."

"Marhoon, tulisema nini? Seti pungufu—"

"Si pungufu. Mwenyewe atakuja naye. Nimeshampigia babaake asubuhi, na babaake kasema na binti. Ana sharti: hamwachi mezani, anamshika mwenyewe. Na anataka karatasi iandikwe, huyu ni wa Ibtihal binti Bader."

Yaqoob anatikisa kichwa, anaunda neno kwa mdomo bila sauti: umekwisha.

"Huyu Ibtihal ni mkusanyaji?" Hisham anauliza.

"Ndiyo kwanza ana kimoja."

"Ana miaka mingapi?"

"Saba."

Hisham anacheka, kwanza kidogo, halafu sana. "Meza zangu ndefu, hatafika. Mletee kiti cha kusimamia."

Simu inakatika. Marhoon anafuta jasho kwa mkono wa shati. Kuna kazi imebaki. Maonyesho ni Ijumaa ya kwanza baada ya Idi, na anataka fremu ya watu nane yenye nafasi moja wazi katikati, mahali mkono wa mtoto unapofika. Bader amesema ataichomelea yeye, bure. Bi Mwanamize naye amesema atakuja, ila anakuja na kahawa na halua, na kila atakayesimama mezani atakula. Vya kuliwa hivyo, amesema, na mtu asimwekee mipaka. Na friji ndogo mpya lazima ipatikane kabla ya Juni, mbili ikiwezekana, kwa sababu Ibtihal ameshauliza: huyu akae wapi joto likija?

Yaqoob anaruka nyuma ya lori, anafunga mlango. "Sasa kaka, mimi nina swali. Uliapa kwa yule bibi hawatengani. Na mmoja analala kwa Bader."

"Niliapa hawatatengana," Marhoon anasema. "Sikuapa watakaa kwangu. Nyumba mbili, mtaa mmoja. Sikukuu watakutana."

"Na picha ukimtumia, bibi akiuliza mtoto huyu ni nani aliyemshika mume wangu?"

Marhoon anapanda, anawasha lori, anakitia kikombe chekundu mbele ya kioo.

"Nitamwambia amepata binti Maskati."